Jiko, Sola, Majitaka au Miti: Kambi ya Jeshi Ianzie Wapi Kulinda Mazingira?

Mkuu wa kikosi anayetaka kambi yake ipunguze madhara kwa mazingira hupata ushauri mwingi kuliko fedha alizonazo. Mmoja humwambia atandaze paneli za sola juu ya paa la makao makuu, mwingine humpendekezea mtambo wa bayogesi, na wa tatu humletea miche elfu kadhaa na kumwomba apange siku ya kupanda. Yote hayo yana manufaa, lakini hayalingani kwa gharama, kwa uharaka wala kwa uwezekano wa kudumu baada ya mkuu huyo kuhamishwa. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa kuziangalia kambi za aina tatu zinazojulikana kwetu: kambi za kudumu zilizo mijini au kandokando ya miji, kambi za mafunzo kama zile za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania, na vituo vya mbali ambako askari wetu hulinda amani, kuanzia Somalia hadi Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Katika kambi nyingi za Afrika Mashariki, fedha ya kwanza inastahili kwenda kwenye jiko la bwalo na kwenye majitaka, ambavyo ni vitu viwili visivyopendeza kupigwa picha. Sola huja baada ya hapo. Sola hulitangulia jiko mahali pamoja tu, nako ni kwenye kituo kilicho mbali na gridi, ambacho kila lita ya dizeli hufika kwa msafara wa magari.

Jikoni: kuni, gesi, bayogesi au umeme

Saa kumi alfajiri, kabla kuruta hawajaamshwa kwa mchakamchaka, moto wa bwalo huwa umeshashika. Sufuria ya uji iko jikoni, ya chai inafuata, na pembeni maharage ya mchana yameanza kuchemka kwa sababu yatachukua saa mbili au tatu kuiva. Moto huo hauzimwi hadi chakula cha jioni kigawiwe.

Tuchukue kambi ya watu 400 inayopikia kuni kwenye mafiga, na tukadirie kilo 0.7 za kuni kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni kilo 280 kila siku, na kwa mwaka mzima ni zaidi ya tani 100. Moto wa wazi huingiza ndani ya sufuria takribani asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni, na lililobaki hupotea hewani pamoja na moshi ambao wapishi huuvuta miaka yote ya utumishi wao. Kwa hiyo mtu anapotafuta eneo moja la kambi ambalo badiliko dogo litaokoa miti mingi, mapafu ya watu na fedha za ugavi kwa pamoja, hana haja ya kutazama mbali.

Njia ya kwanza na nafuu kuliko zote ni jiko banifu la taasisi, ambalo sufuria huzama ndani ya ukuta wa jiko, kuni huwaka kwenye chumba chembamba, na moshi hutoka kwa dohani. Jiko hilo likijengwa vizuri hufikisha asilimia 30 hadi 40 ya joto kwenye chakula, kwa hiyo zile kilo 280 hushuka hadi kama 120 hivi. Hujengwa na fundi wa hapahapa, nao askari wa Rwanda waliokwenda kulinda amani Darfur waliwafundisha wenyeji kutengeneza majiko ya aina hiyo wanayoyaita rondereza. Udhaifu wake ni mmoja ambao hauonekani kwenye michoro: jiko hushonewa sufuria yake. Siku bohari likileta sufuria nyembamba zaidi, pengo linabaki kati ya sufuria na ukuta, joto linatoroka, na ndani ya wiki kadhaa wapishi wanarudi kwenye mafiga. Anayeagiza majiko na aagize pia sufuria zake, pamoja na za akiba.

Kwa Tanzania, hata hivyo, jiko banifu haliwezi kuwa mwisho wa safari. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mwaka huohuo Wakala wa Nishati Vijijini ulisaini makubaliano na JKT ya kupeleka nishati hiyo kwenye kambi zake. Basi swali la kambi ya Kitanzania ni aina gani ya nishati safi inayoifaa.

Gesi ya mitungi ndiyo yenye kubadilika kwa haraka. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takribani kilo 10 za kuni za mafigani, kwa hiyo kambi yetu ya watu 400 ingehitaji kama kilo 28 kwa siku. Sifa hii ya kubadilika ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kambi za JKT hazina idadi thabiti ya watu: vijana wa mujibu wa sheria waliomaliza kidato cha sita wanaporipoti, kambi hujaa ndani ya siku chache, na baada ya miezi mitatu hupungua tena. Gesi huufuata mzigo huo bila shida, kwani kinachobadilika ni idadi ya mitungi tu. Udhaifu wake ni kwamba ni mafuta ya ardhini, bei yake hupangwa mbali na sisi, na barabara ikikatika wakati wa masika jiko linazima. Tena gesi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini inapovuja. Chumba cha mitungi kinatakiwa kiwe nje ya jengo, chenye matundu ya hewa usawa wa sakafu, mbali kabisa na ghala la silaha na risasi. Nchi iliyoshuhudia milipuko ya Mbagala mwaka 2009 na ya Gongo la Mboto mwaka 2011 haihitaji kushawishiwa juu ya jambo hilo.

Bayogesi husifiwa sana, na mara nyingi husifiwa bila hesabu. Kinyesi cha mtu mmoja hutoa takribani lita 25 hadi 30 za gesi kwa siku, kwa hiyo watu 400 hutoa mita za ujazo 10 hadi 12, ambazo ni sawa na kilo 5 au 6 za gesi ya mitungi. Hiyo ni kama sehemu ya tano ya mahitaji ya jiko letu. Vyoo peke yake, basi, havilishi kambi. Lakini kambi ikiwa na zizi la ng'ombe 60 wanaolishwa ndani, mambo hubadilika, kwa kuwa ng'ombe mmoja hutoa samadi ya kuzalisha karibu mita ya ujazo 0.35 kwa siku, na jumla ya gesi hupanda hadi nusu ya mahitaji au zaidi. Kambi nyingi za JKT hufuga na kulima, na hapo ndipo penye ubora wao juu ya kambi za mjini: samadi ipo, shamba la kupokea tope la mtambo lipo, na nguvu kazi ipo. Magereza ya Rwanda yalionyesha njia. Mitambo iliyojengwa humo na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilipunguza matumizi ya kuni kwa takribani nusu, nayo kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ashden ya nishati endelevu mwaka 2005. Faida ambayo kwangu ni kubwa kuliko gesi yenyewe ni kwamba mtambo huohuo huanza kutibu uchafu wa vyoo badala ya kuuacha uvuje ardhini.

Bayogesi haipendi mabadiliko ya ghafla. Vijidudu vya ndani ya mtambo huzoea chakula cha kiasi fulani, na ukivimwagia uchafu mara tatu kwa wiki moja, au ukamwaga dawa ya kusafishia vyoo bila mpango, gesi inakata. Kwa hiyo mtambo upimwe kwa idadi ya watu wa kudumu na mifugo yao, na kishindo cha vijana wa mujibu wa sheria kibebwe na gesi ya mitungi. Njia hizi mbili zikikaa pamoja kila moja hufunika udhaifu wa mwenzake.

Umeme wa gridi ndio ninaoupendelea kwa kambi za mijini. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo, na Tanzania imepata Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo kupikia umeme katika nchi hizi hakuhamishii moshi mwingi mahali pengine. Majiko makubwa ya umeme ya mgandamizo huivisha maharage kwa muda mfupi sana kulinganisha na sufuria ya wazi. Zipo hesabu mbili za kufanya kabla. Kwanza, transfoma na nyaya za kambi iliyojengwa zamani huenda hazibebi mzigo wa jiko la watu 400, na gharama ya kuzibadili ikazidi ya majiko yenyewe. Pili, ugali wa watu wengi husongwa kwa mwiko mrefu na nguvu za mabega mawili, na sufuria iliyowekwa juu ya sahani laini ya umeme huteleza. Linahitajika jiko ambalo sufuria imefungwa imara. Umeme ukikatika, jiko la gesi la akiba lishike zamu. Kupikia umeme wa jenereta ni hasara tupu, maana theluthi mbili hivi ya joto la dizeli imeshapotea kabla umeme haujafika jikoni.

Njia yoyote itakayochaguliwa, maharage yalowekwe usiku kucha. Hakuna badiliko la bei rahisi kuliko hilo katika makala haya yote.

Umeme: jenereta, sola, au vyote viwili

Kwenye kambi iliyounganishwa na gridi, kazi ya kwanza ni kupunguza matumizi: taa za LED, dari chini ya bati, rangi nyeupe juu ya paa, na madirisha yanayopitisha upepo ili mabweni yasihitaji viyoyozi. Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa huko Iraki, ambako mahema yaliyopozwa kwa viyoyozi mchana kutwa yalikunywa dizeli bila kikomo, hadi ikaamuliwa yapulizwe povu la kuzuia joto. Dizeli ilipungua sana. Hata hivyo, povu hilo likishagandamana na turubai ni vigumu kulirejeleza, kwa hiyo kambi inapofungwa hugeuka kuwa taka. Makuti, matofali ya udongo na veranda pana hufanya kazi ileile katika hali ya hewa yetu na haziachi mzigo huo, ingawa makuti yana hatari ya moto na hayafai karibu na bohari.

Kituo cha mbali ndicho chenye mjadala mzito. Jenereta nzuri iliyobebeshwa mzigo wa kutosha hutumia takribani lita 0.3 za dizeli kwa kila uniti moja ya umeme, na kila lita hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Lakini jenereta za vituoni hazibebeshwi mzigo wa kutosha. Hununuliwa kubwa kwa kuhofia siku ya mahitaji makubwa, halafu usiku wa manane huunguruma kwa ajili ya taa za uzio, redio ya mawasiliano na friji mbili za zahanati. Mzigo ukishuka chini ya theluthi ya uwezo wake, ulaji kwa kila uniti hupanda sana, na mafuta yasiyoungua vizuri huanza kuchafua injini na bomba la moshi. Kabla ya kununua hata paneli moja, kituo kinaweza kuokoa dizeli nyingi kwa kuwa na jenereta mbili za ukubwa tofauti: kubwa ya mchana na ndogo ya usiku.

Sola isiyo na betri, iliyounganishwa sambamba na jenereta, ni hatua ya kati. Kilowati moja ya paneli katika sehemu nyingi za ukanda wetu huzalisha kama uniti 4 kwa siku, hivyo kilowati 100 huzalisha uniti 400, na zikitumika zote huokoa takribani lita 120 za dizeli kila siku. Tatizo ni kwamba jenereta haizimwi, maana ndiyo inayoongoza mfumo. Sola ikizidi, jenereta inasukumwa kwenye mzigo mdogo uleule tuliousema kuwa mbaya kwake. Sola yenye betri ndiyo inayoruhusu jenereta izimwe kabisa usiku, na hapo faida nyingine ya kijeshi hujitokeza: kituo kinakuwa kimya, na mlinzi wa lindo anasikia nyayo nje ya uzio. Mfano wa jirani ni Malakal, Sudan Kusini, ambako makazi ya wafanyakazi wapatao 300 wa mashirika ya misaada yalijengewa mtambo wa sola wa kilowati 700 wenye betri, kwa mkataba wa kukodi, kwa lengo la kupunguza dizeli kwa angalau asilimia 80.

Mkataba wa kukodi unastahili kupewa uzito. Kambi inaweza kununua mtambo na kuumiliki, au inaweza kulipia umeme tu huku kampuni ikiumiliki na kuutunza. Kununua ni nafuu kwa jumla ikiwa kambi itadumu miaka 15 na ina mafundi wake wa kudumu. Lakini vikosi vya kulinda amani hubadilishana zamu kila baada ya muda, fundi aliyejua inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika, anarudi nyumbani, na mtambo uliogharimu mamilioni unasimama kwa kukosa fyuzi. Kwa kituo cha aina hiyo ningechagua kukodi bila kusita, kwa sharti kwamba mkataba umlipe mwenye mtambo kwa uniti zilizotoka, wala si kwa paneli zilizofungwa.

Zaidi ya hewa ukaa, dizeli ina gharama ya damu. Utafiti wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ulikadiria kwamba Afghanistan mwaka 2007 mtu mmoja aliuawa au kujeruhiwa kwa kila misafara 24 ya mafuta. Mwaka uliotangulia, Meja Jenerali Richard Zilmer, aliyeongoza majeshi magharibi mwa Iraki, alikuwa ameshaandika kuomba vifaa vya sola na upepo ili apunguze misafara hiyo. Ombi hilo halikutoka kwa mwanaharakati wa mazingira. Mwaka 2010 kikosi cha askari wa majini wa Marekani kilipelekwa Sangin, Afghanistan, na paneli za kubebeka, na kituo chake kimoja cha doria kilishusha mafuta ya jenereta kutoka galoni 20 kwa siku hadi 2.5. Anayesimamia vituo kwenye barabara za Somalia, ambako mabomu ya kutegwa njiani yameua askari wengi wa Afrika, anaelewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Kwa vituo hivyo sola yenye betri inatangulia kila kitu kingine isipokuwa majitaka.

Majitaka: jambo lisilovumilia kuahirishwa

Oktoba 2010, kipindupindu kilianza Haiti kutoka kijito kilichopita kando ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais. Uchafu wa vyoo vya kambi uliingia kwenye kijito hicho, kijito kikaingia Mto Artibonite, na mto ndio uliowanywesha wakulima wa bonde zima. Watu zaidi ya 800,000 waliugua na karibu 10,000 walifariki. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi wananchi wa Haiti. Kambi ile ilikuwa imekwenda kulinda watu. Nikiulizwa ni kosa gani la mazingira ambalo kambi haina ruhusa ya kulifanya hata siku moja, jibu langu ni hili.

Njia ya kawaida kwetu ni tangi la maji machafu na shimo la kunyonyea. Inatosha kwa kikosi kidogo juu ya udongo wenye kina unaonyonya maji na mbali na visima. Haifai kabisa kwenye mwambao, ambako chini kuna mawe ya matumbawe yenye mianya, na kinachoingia shimoni hufika haraka kwenye maji ya visima na baharini. Haifai pia mahali ambapo idadi ya watu hupanda ghafla, kwa sababu tangi lililojaa husukuma uchafu mbichi nje kabla haujatulia.

Mtambo wa umeme unaopuliza hewa ndani ya majitaka huchukua nafasi ndogo na hutoa maji safi kiasi cha kumwagilia bustani. Huwavutia wanaoandaa zabuni, na kwa kituo chenye watu wengi ndani ya uzio mdogo unaweza kuwa ndio pekee unaotosha. Lakini unahitaji umeme usiokatika, vipuri, na mtu anayejua kuusoma. Hewa ikizimwa kwa muda mrefu ili kuokoa dizeli, vijidudu vinavyosafisha hufa, na mtambo wa thamani unabaki kuwa bomba la kupitishia uchafu.

Ardhi ikiwepo, chaguo langu ni ardhioevu ya kutengenezwa, yaani bwawa la kokoto lililopandwa matete, ambalo majitaka yaliyotoka kwenye tangi hupita polepole chini ya kokoto. Katika joto letu huhitaji takribani mita ya mraba moja hadi mbili kwa kila mtu, kwa hiyo watu 400 wanataka eneo lisilofikia robo ya uwanja wa mpira. Halina injini. Maji hayaonekani juu, kwa hiyo halizalishi mbu kama mabwawa ya wazi yanavyofanya kingo zake zisipofyekwa. Matengenezo yake ni kukata matete na kuchunga kokoto zisizibe, kazi ambayo kila kikosi kinaiweza. Adui yake ni mafuta ya jikoni: pasipo chemba ya kunasia mafuta kwenye bomba linalotoka bwaloni, inayosafishwa kila wiki, kokoto huziba kabla ya muda wake.

Kuhusu maji safi, kila milimita ya mvua juu ya kila mita ya mraba ya bati ni lita moja, na paa la karakana lenye mita za mraba 1,000 mahali penye milimita 800 za mvua kwa mwaka hukusanya kama lita 640,000 baada ya kutoa zinazopotea. Kambi yenye mapaa makubwa hivyo isichimbe kisima cha pili kabla haijafunga mifereji.

Taka, mafuta na uwanja wa shabaha

Hapa ulinganisho ni mfupi kwa sababu uchaguzi hauna utata. Kuchoma taka shimoni ni rahisi, na ndiko kulikowaletea maradhi askari wengi wa Marekani waliokaa karibu na mashimo ya moto ya Balad, Iraki, hadi mwaka 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria maalumu ya kuwahudumia. Tanuri la kuchomea taka ni bora kwa bandeji na sindano za zahanati, ila kwa taka zote hula dizeli nyingi, maana sehemu kubwa ya taka za kambi ni mabaki ya chakula yenye maji. Mabaki hayo yaende kwenye mboji, kwa nguruwe au kwenye mtambo wa bayogesi, na plastiki zirudi na gari lililoleta chakula. Gari hilo hurudi tupu kwa vyovyote.

Matangi ya mafuta yazungushiwe ukuta unaoweza kuyapokea yote yaliyomo na ziada ya asilimia 10. Mwaka 2021, huko Hawaii, mafuta ya ndege kutoka maghala ya chini ya ardhi ya Red Hill yaliingia kwenye kisima kilichowahudumia watu wapatao 93,000, wengi wao wakiwa familia za wanajeshi wenyewe, na mwaka uliofuata ikaamuliwa maghala hayo yafungwe. Tangi la juu ya ardhi huonekana linapovuja, nalo ndilo la kuchagua kila hali ya usalama inaporuhusu. Vikosi vya zimamoto vya kambi za ndege vichague povu lisilo na kemikali za PFAS, kwa kuwa kemikali hizo zikishaingia kwenye maji ya chini haziozi.

Uwanja wa kulenga shabaha una madhara mawili tofauti. La kwanza ni madini ya risasi yanayobaki kwenye tuta, ambayo hudhibitiwa kwa kutumia mchanga unaoweza kuchekechwa na kwa kuongeza chokaa ili udongo usiwe na asidi. La pili ni moto, nao ndio ulioteketeza maelfu ya ekari za hifadhi ya Lolldaiga, Laikipia, Machi 2021 wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza. Kati ya kununua magari ya kuzima moto na kubadili kalenda ya mazoezi ili silaha zenye kuwasha zisitumike wakati wa kiangazi, kalenda ni bora zaidi na haina gharama.

Miti

Jeshi la Kenya limepanda miti kwa miaka mingi kupitia mpango wake wa askari wa mazingira, na nchi hiyo imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo, kambi inayochoma tani 100 za kuni kwa mwaka kwenye mafiga haiwezi kujitetea kwa picha za miche. Miti ichaguliwe kwa kazi yake: ya kivuli upande wa magharibi wa mabweni, ya kuzuia mmomonyoko kando ya makorongo, na shamba la kuni kwa vituo ambavyo bado vinatumia jiko banifu. Karibu na uzio isipandwe kabisa, kwa kuwa itakatwa mara mlinzi atakapolalamika kuwa haoni. Idadi ya kuripotiwa iwe ya miti iliyo hai baada ya masika ya pili.

Kambi yenye bajeti ndogo mwaka huu

Ningeanza na vitu vinne, kwa mfuatano huu: chemba ya mafuta na ukarabati wa matangi ya majitaka, majiko na sufuria zake, mita za maji, umeme na dizeli, halafu dari na taa. Mita zimo kwa sababu moja. Kambi nyingi hujua kiasi cha dizeli kilichopokelewa bohari na hazijui kilikoishia, kwa hiyo miezi sita baadaye hakuna anayeweza kuthibitisha kama jenereta ndogo ya usiku iliokoa chochote. Kitabu kimoja kinachojazwa kila asubuhi na karani wa zamu, chenye lita za dizeli, uniti za umeme, mitungi ya gesi na idadi ya watu waliokula, kinatosha kuanzia. Idadi ya waliokula isiachwe, maana ndiyo itakayoonyesha kama matumizi yamepungua kweli au vijana wamemaliza mafunzo na kuondoka. Kitabu hicho kikabidhiwe kwa maandishi pamoja na funguo na silaha kila uongozi unapobadilika, ili mkuu ajaye aone mtambo uliopo unafanya kazi gani kabla hajaagiza mwingine.